Bomba la majitaka linavuja chini ya ardhi? Namna ya kujua kabla hujachimba

Mwezi wa nane Mbozi huwa mkavu. Majani ya njiani yamegeuka kahawia, vumbi limetanda juu ya mibuni, na aliyepanda mboga anamwagilia kwa ndoo. Katika mwezi huo tulipokea simu kutoka Mbozi Mission. Mama aliyepiga, msikilizaji wetu wa siku nyingi, hakuwa na malalamiko yoyote. Alitaka ushauri wa kilimo. Nyuma ya nyumba yake kuna migomba mitatu iliyostawi kupita migomba yote ya majirani, na kutoka ukutani hadi kwenye migomba hiyo kuna mstari wa majani mabichi, upana wake kama hatua mbili, wakati ua wote umekauka. Aliuliza huo ni udongo wa aina gani, maana alikuwa anafikiria kuweka tuta la mchicha hapo.

Tulimuuliza swali moja tu: "Mama, bomba la choo chako cha ndani linapita wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Linapita hapohapo."

Choo chake hakijaziba kwa miezi kadhaa. Hakuna harufu. Kwa macho ya mtu yeyote, mfumo wake wa majitaka ulikuwa mzima. Lakini hatua kama ishirini chini ya migomba ile, upande wa mteremko, kuna kisima cha jirani yake, na familia ya jirani huyo huchota maji ya kunywa hapo. Tulikwenda kwake na fundi bomba mmoja tunayemfahamu, tukakaa siku mbili. Mengi ya tutakayoeleza hapa tuliyafanya pale uani kwake kwa vitu ambavyo kila nyumba inavyo: kioo cha kunyolea, tochi ya simu, ndoo, chaki na kipande cha mwanzi.

Kilichopo chini ya ua wako

Huku kwetu hatuna mtandao wa mabomba ya majitaka kama uliopo katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam. Kila nyumba ina mfumo wake. Maji hutoka chooni na bafuni, huingia kwenye bomba la plastiki la inchi 4, hupita kwenye chemba moja au zaidi, yaani yale masanduku ya matofali yenye mfuniko, kisha huingia kwenye karo. Ndani ya karo uchafu mzito huzama chini, mafuta na mapovu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyanywa taratibu.

Katika safari yote hiyo hakuna pampu. Maji yanasukumwa na mteremko peke yake. Kwa bomba la inchi 4, kipimo kinachotumika sana ni kushuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya urefu. Bomba la mita 8, basi, mwisho wake unatakiwa uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 20. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji hutambaa na uchafu hubaki njiani.

Bomba lililofukiwa hupata matatizo ya aina tatu. Linaweza kuziba. Linaweza kubonyea katikati na kuwa na tumbo ambamo maji husimama. Au linaweza kupasuka, au viungo vyake kuachana, maji yakatoka nje. Watu wengi huogopa la kwanza, kwa sababu kuziba ni aibu: mgeni amekuja, choo kimefurika. Sisi tunaona kuziba ndilo tatizo lenye huruma kuliko yote, kwa kuwa linakuambia siku hiyohiyo. Bomba lililopasuka halikusumbui. Ukimwaga ndoo, maji yanashuka vizuri kabisa. Yanashuka kwenda wapi, hilo ndilo swali.

Chukua hesabu ya nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, choo na kuoga kwa pamoja. Kwa mwaka ni zaidi ya ndoo 2,100 zinazopita kwenye bomba lile. Robo tu ikivuja, ni ndoo zaidi ya 500 za majitaka zinazoingia ardhini mahali ambapo hakuna aliyepanga ziingie.

Dalili zinazoonekana juu

Majani mabichi wakati wa kiangazi ni dalili ya kwanza, na huku nyanda za juu ni rahisi kuiona kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Masika hayakusaidii, kila kitu ni kijani. Tembea juu ya njia ya bomba lako ukiangalia mstari, siyo kichaka kimoja kimoja. Mstari ulionyooka haupendwi na maumbile. Mara nyingi ni kazi ya mtu aliyechimba.

Udongo unaodidimia ni dalili nyingine. Maji yanayovuja hubeba chembe za udongo na kuacha uwazi, kisha siku moja unakuta kishimo kama sahani pale ulipokuwa unaanika nguo. Panya wanaotoboa palepale kila mara, unyevu chini ya ukuta ambao haukauki, ufa mpya kwenye sakafu ya bafu: vyote hivyo vinastahili kuangaliwa, ingawa kila kimoja kinaweza kuwa na sababu nyingine.

Sikiliza pia. Choo kinachogugumia baada ya kumwaga maji kinasema kwamba hewa haipiti vizuri, ama kwa sababu bomba la hewa limeziba au kwa sababu njia ya mbele imebanwa. Kama ni sinki moja tu linalochelewa kushuka, tatizo liko karibu na sinki hilo. Vyote vikichelewa kwa pamoja, tatizo liko mbele, baada ya mahali mabomba yanapokutana. Kabla fundi hajashika sululu, dokezo hilo peke yake humpunguzia nusu ya ua.

Usiku, watu wote wakiwa wamelala, fungua mfuniko wa chemba ya mwisho kabla ya karo na umulike kwa tochi ukiwa umesimama. Kusiwe na maji yanayotiririka. Kama yapo, ama kuna bomba la maji safi au tangi la choo linalovuja ndani ya nyumba, ama maji ya ardhini yanaingia kwenye bomba la majitaka kupitia ufa. Fanya hivyo pia siku moja baada ya mvua kubwa. Palipo na tundu la kuingiza maji ya mvua, kiangazi kikija tundu hilohilo hutoa majitaka.

Kuna jambo moja ambalo watu hutuambia kwa fahari: "Karo langu tangu nijenge halijawahi kujaa." Ndugu msikilizaji, karo lililojengwa kwa sakafu na kupigwa plasta huwa limejaa maji siku zote, hadi usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo linavyofanya kazi: lita moja ikiingia, lita moja inatoka upande wa pili. Ukifunua ukakuta maji yako chini sana ya bomba la kutokea, ama karo limepasuka, ama maji hayafiki karoni. Mama wa Mbozi Mission naye alikuwa na fahari hiyo. Tulipofunua, maji yalikuwa chini ya bomba la kutokea kwa kiasi cha mkono mzima kuanzia kiwiko hadi vidole.

Kabla hujafunua, soma hapa

Usiingie ndani ya karo wala chemba yenye kina, hata kwa dakika moja, hata kama mtu ameanguka humo. Majitaka yanapooza hutoa gesi. Mojawapo inanuka kama mayai yaliyooza, na ikizidi pua haiwezi tena kuinusa, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla usidhani hewa imesafishika. Mtu huzimia, ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anazimia juu yake. Ita watu, ita kikosi cha zimamoto na uokoaji, usishuke.

Gesi nyingine huwaka. Usiwashe kiberiti, usivute sigara, wala usiangalie ndani kwa kibatari. Tochi tu. Fungua mfuniko, kaa pembeni, iache hewa ipite kwa muda. Vaa glavu au angalau mifuko ya nailoni mikononi, watoto wakae mbali, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Mfuniko usiachwe wazi usiku.

Kioo na tochi

Siku ya kwanza fundi aliomba kioo. Mama alileta kile anachotumia kijana wake kunyolea, huku akicheka kwamba kioo hakitarudi chumbani tena.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na hufanyika kati ya chemba mbili ambazo hazina kina kirefu. Mtu mmoja anamulika tochi ndani ya bomba kutoka chemba ya juu. Mwingine, kwenye chemba ya chini, anashusha kioo kilichofungwa kwenye kijiti na kukilaza upande hadi aone mwanga wa bomba ndani yake. Haingizi kichwa, kioo ndicho kinachomtazamia. Kukiwa na jua kali hata tochi haihitajiki, kioo cha pili hupeleka mwanga wa jua ndani. Kama tochi ni ya simu, ifunge ndani ya mfuko mweupe wa plastiki na uifunge kamba. Simu inayotumbukia karoni haifai kufuatwa, na tumeshaeleza kwa nini.

Bomba likiwa limenyooka na ni safi, utaona duara kamili la mwanga, kama mwezi mpevu. Ukiona sehemu ya chini ya duara imekatwa kwa mstari ulionyooka, hayo ni maji yaliyosimama: bomba limebonyea na kufanya tumbo. Ukiona sehemu ya juu imekatwa, bomba limeinuka katikati, pengine juu ya jiwe. Duara likiwa limeminywa kama yai, kuna uzito uliolikandamiza. Na nyuzi zinazoning'inia kama ndevu ni mizizi.

Mizizi inahitaji maelezo kidogo, maana siku hizi wengi wetu tunapanda miparachichi karibu na nyumba, na mikaratusi ipo tangu zamani. Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu, unakuta mahali palipounganishwa bila gundi ya kutosha, unaingia ukiwa mwembamba kama uzi, kisha unanenepa humo ndani na kupanua njia. Kwa hiyo ukiona mizizi, ujue uvujaji ulitangulia.

Kwa mama yule tuliona duara, lakini halikuwa kamili. Upande wa chini kulikuwa na kitu cheusi chenye nyuzi, karibu na katikati ya njia. Fundi alisema, "Hapo pana jambo." Hakusema zaidi, na tulipenda hivyo. Wapo mafundi ambao wangeanza kuchimba saa ileile kuanzia ukutani.

Mahali pasipo na chemba mbili, kuna njia ya limau. Dondosha limau dogo chooni au kwenye chemba ya juu, mwaga ndoo nzima kwa mkupuo, mwenzako asubiri kwenye karo akihesabu. Limau huelea. Likifika haraka, njia iko wazi kwa sehemu kubwa. Likichelewa hadi ndoo ya tatu, kuna tumbo au kizuizi. Lisipofika, ndoo zinazofuata zitakuonyesha, na likikwama kabisa litaoza. Usitumie mpira wa mtoto. Hautaoza, na mwenyewe atauulizia.

Kipimo cha maji

Kioo kinaonyesha umbo la bomba lakini hakisemi kama linavuja. Kwa hilo kuna kipimo cha maji, na kama utachukua kitu kimoja kutoka kwenye makala hii tungependa kiwe hiki.

Ziba mdomo wa chini wa bomba, pale linapoingia kwenye chemba ya chini. Tulitumia mfuko uliojazwa udongo wa mfinyanzi, ukaviringishwa kwa kitambaa na kukandamizwa, ukiwa umefungwa kamba ndefu ya kuuvutia baadaye. Kisha jaza maji kutoka chemba ya juu hadi yaonekane yamesimama humo. Bomba la inchi 4 huchukua karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo urefu wa mita 8 unataka ndoo tatu na kidogo, ukiacha yale ya ndani ya chemba. Ukishamwaga ndoo sita na bado hujaona maji juu, umeshapata jibu.

Yakijaa, subiri dakika kumi ili hewa itoke na matofali ya chemba yanywe ya kwao. Ongeza kidogo, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji, kaa nusu saa. Alama ikibaki pale au ikishuka kidogo sana, bomba ni zima. Maji yakishuka kwa kuonekana, hakikisha kwanza kizibo hakitoi maji, na jaza tena. Chemba yenye nyufa nayo inaweza kukudanganya.

Jambo zuri linafuata. Maji yanayovuja kwenye bomba lenye mteremko hayashuki hadi mwisho. Yanashuka mpaka usawa wa tundu, halafu yanatulia, kwa sababu yaliyo chini ya tundu yamezuiwa na kizibo. Kwa hiyo ngoja hadi yatulie, ingiza mwanzi mrefu uliokauka kutoka chemba ya juu taratibu ukitelezea chini ya bomba, uutoe, upime sehemu iliyobaki kavu. Tundu liko hapo ukavu unapoishia, au mita mbili hivi mbele yake kama tundu liko ubavuni na siyo chini. Ardhi yote ile, na mwanzi unakuambia uchimbe wapi.

Wetu ulibaki mkavu mita 4 na kidogo. Fundi aliutandaza juu ya ardhi kuanzia kwenye chemba. Ncha yake iliishia kwenye mgomba wa pili.

Mijini kuna kamera ndogo zinazosukumwa ndani ya bomba kwa waya mrefu, na vifaa vya kupuliza moshi usio na madhara ili uone unatokea wapi ardhini. Ni vizuri, na ukiwa na jengo kubwa lenye mabomba marefu inafaa kuulizia Mbeya. Kwa ua wa kawaida, kioo, ndoo na mwanzi vinatosha. Ila msichome matairi au mabanzi ili kutengeneza moshi wenu wenyewe. Tumeshasema gesi ile inawaka.

Kisima cha jirani

Umbali unaotajwa sana kati ya kisima na choo au shimo la majitaka ni mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu. Watu hupima kutoka kwenye shimo. Karibu hakuna anayepima kutoka kwenye bomba, kwa sababu bomba linahesabiwa kuwa limefungwa. Likipasuka, shimo lako la majitaka limehamia pale lilipopasukia, na linaweza kuwa karibu na kisima kuliko ulivyoahidi siku ya kujenga.

Hili lilitokea London mwaka 1854, na dunia nzima ilijifunza kutokana nalo. Katika mtaa wa Broad Street, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 wa eneo lile ndani ya siku kumi. Daktari John Snow alifuatilia nyumba kwa nyumba akaona wengi wao walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa mwezi wa tisa mwaka huo. Lakini wengi walibisha, kwani maji yale yalisifika kwa uzuri wake, na kisima kilipokaguliwa hakikuonekana na kasoro. Mwaka uliofuata walifukua ardhi. Wakakuta shimo la majitaka la nyumba namba 40, ambamo yalimwagwa maji ya kufulia nepi za mtoto aliyekuwa mgonjwa, liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali ya mfereji wake yameoza kiasi cha kutoka kwa mkono. Juu ya ardhi hakukuwa na dalili yoyote.

Sisi wa mkoa wa Songwe hatuhitaji kwenda mbali hivyo kujua kipindupindu ni nini. Kimeingia nchini mara nyingi, mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa nane 2015 ulisambaa mikoani, na mwishoni mwa 2023 wenzetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, walipata mlipuko mkubwa. Na kabla ya kipindupindu kuna homa ya matumbo na kuhara kwa watoto, magonjwa ambayo hayatangazwi kwenye taarifa ya habari.

Unaweza kutumia rangi ya chakula, ile ya keki, kuona kama maji ya bomba yanafika mahali fulani. Mwaga chooni rangi nyingi na ndoo mbili, kisha chungulia chemba, mfereji, chemchemi au kisima kwa siku kadhaa, ukichota kwenye bakuli jeupe. Rangi ikitokea, ushahidi umekamilika. Isipotokea, usishangilie: udongo unaweza kuishika rangi na kuachia vijidudu, au ikachukua wiki nyingi. Na tafadhali, mwambie mwenye kisima kabla. Mtu akiamka akakuta maji yake yamegeuka mekundu, kijiji kizima kitaamka naye.

Hilo la kumwambia jirani ndilo lililomtatiza mama kuliko gharama. Alisema hivi: "Nikimwambia, atasema nimemnywesha choo changu. Nisipomwambia, nitakuwa nimemnywesha nikijua." Alikwenda jioni ileile, peke yake, kabla ya sisi kuchimba. Hatukuwepo, na alichotuambia aliporudi ni kwamba jirani alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama achemshe maji au aache kabisa.

Jibu la fundi na la afisa afya wa kata, ambaye tulimpigia kesho yake asubuhi, lilikuwa moja: aache kuyanywa hadi yapimwe, na kama hana maji mengine, ayachemshe hadi yatokote kabisa, au atibu kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yaliyo safi kwa macho hayajapimwa kwa macho. Sampuli huchukuliwa kwenye chupa maalumu iliyosafishwa na hutakiwa kufika maabara haraka ikiwa kwenye ubaridi, kwa hiyo usijaze chupa ya soda ukapanda nayo basi. Anza kwa afisa afya au ofisi ya RUWASA ya wilaya, wao wataelekeza.

Tulichokuta

Fundi alichimba shimo moja tu, urefu wa hatua moja na nusu, palepale mwanzi ulipoishia. Kwenye kina cha goti udongo ulianza kuwa mweusi na laini. Bomba lilikuwa limepasuka upande wa chini, ufa wa urefu wa kiganja, na nyuzi za mizizi ya mgomba zimejaa ndani yake.

Mama alipouona alikumbuka. Miaka mitatu iliyopita choo kiliziba, kijana mmoja aliitwa, akasukuma nondo. Kikazibuka. Tangu hapo kilikuwa kinaziba mara kwa mara mahali palepale, na kila mara nondo ileile inatumika. Ncha ya nondo ilipasua plastiki, maji yakawa yanatoka chini, uchafu mzito unabaki bila maji ya kuubeba, unaziba, inaletwa nondo. Bomba la plastiki huzibuliwa kwa mti laini unaopinda, mpira wa kusukumia au maji mengi ya mkupuo. Nondo ni ya zege.

Kulikuwa na kosa jingine, la zamani zaidi. Bomba lilikuwa limelazwa juu ya mawe. Linatakiwa lilale juu ya mchanga au udongo laini wa unene wa sentimita 10 hivi, lifunikwe kwa udongo usio na mawe, na pale gari linapopita liwe na udongo usiopungua sentimita 60 juu yake. Anayejenga sasa hivi asikubali bomba lifukiwe kabla ya kipimo cha maji. Mwambie fundi mapema, mkiwa mnapatana bei, kwamba malipo ya mwisho ni baada ya alama ya chaki. Fundi mzuri hatakasirika. Na piga picha za mtaro ukiwa wazi, ukiweka futi kamba pembeni. Miaka kumi ijayo simu hiyo, au ya mwanao, itakuambia bomba liko wapi.

Kipande kilichopasuka kilikatwa, kikawekwa kipya kwa soketi mbili na gundi, chini yake mchanga ndoo nne. Migomba miwili ilihamishwa. Mama alitaka kubaki na wa tatu, fundi akakataa, wakabishana, ukahamishwa nao.

Jumamosi mchana mfuko wa mfinyanzi ulirudishwa kwenye mdomo wa bomba na maji yakajazwa tena. Jirani alikuja akasimama na sisi pale kwenye chemba, mikono nyuma, akitazama alama ya chaki nusu saa nzima bila kuongea. Haikusogea. Kisha akamwomba fundi, akishamaliza kufukia, avuke na kioo chake upande wa pili, naye ana bomba ambalo hajawahi kulitazama. Kisima chake bado kimefunikwa kwa bati, kinasubiri majibu ya maabara.